Biogesi ya makapi ya juisi na maziwa: mwongozo kwa msindikaji mdogo wa Tanga

Pita nyuma ya kiwanda chochote kidogo cha juisi hapa mjini msimu wa maembe. Utakuta mapipa yamejaa kokwa, maganda na makapi yanayotoa povu, nzi wamejaa juu. Mwenye kiwanda anamlipa kijana wa guta ayapeleke dampo. Jikoni kwake huyo huyo kuna gunia la mkaa, au mtungi wa gesi, wa kuchemshia juisi na maziwa. Anatoa pesa kutupa moto, halafu anatoa pesa nyingine kununua moto.

Mwongozo huu, wa kuozesha mabaki ndani ya mtambo usio na hewa ili kupata biogesi, yaani gesi inayowaka, ni wake: mtu anayebaki na kilo 50 hadi 300 za mabaki kwa siku, ya matunda, mtindi, jibini, nazi, ukwaju au pombe ya nafaka. Mwenye kiwanda kikubwa ana wahandisi wake. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili naye ameshaandikiwa vya kutosha, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu wasindikaji wengi huchukua maelekezo ya mfugaji na kuyatumia kwenye makapi ya embe. Samadi ni chakula kilichokwisha kupita kwenye tumbo la ng'ombe. Sehemu nyepesi imeshaliwa, imebaki sehemu inayooza taratibu. Makapi ya embe ni sukari tupu. Ukiyamimina mtamboni kama unavyomimina samadi, utapata gesi nyingi kwa siku chache, kisha moto utazimika na hautawaka tena kwa mwezi mzima.

Sababu yake inafaa kueleweka kabla ya kununua tofali hata moja. Ndani ya mtambo, mahali pasipo na hewa, kuna bakteria wa makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza huvunja sukari, wanga, mafuta na protini kuwa asidi. Hawa huzaliana ndani ya saa chache. Kundi la pili hula zile asidi na kutoa methani, ile gesi inayowaka. Hawa huzaliana kwa siku, tena ni wadhaifu: asidi ikiwazidi wanaacha kazi. Kwa hiyo anayeamua kasi ni kundi la pili, na kila hatua inayofuata imepangwa ili wale wa kwanza wasiwakimbie wenzao.

Hatua ya 1: Pima unachotupa

Chukua mizani ya kiwandani, ile ile ya kupimia matunda, na kwa wiki mbili pima kila kinachotoka kabla hakijaingia pipani. Andika kwa aina: makapi, maganda, maji ya maziwa, machicha. Usikisie. Mwenye kiwanda akiulizwa anatupa kiasi gani hujibu kwa kukumbuka siku ya kazi nyingi, na mtambo ukijengwa kwa hesabu hiyo utashinda njaa miezi minane ya mwaka.

Kisha pima ukavu. Twaa kilo 1 ya makapi, itandaze kwenye bati juani siku mbili tatu hadi ivunjike mkononi, upime tena. Makapi ya matunda mengi hubaki gramu 120 hadi 180. Kilichopotea ni maji, na maji hayatoi gesi. Kipimo hiki ndicho kitakachokwambia ukubwa wa mtambo.

Baada ya hapo chambua. Yapo mabaki yanayofaa kabisa: makapi ya embe, nanasi, pasheni na papai, miwa iliyokwisha kukamuliwa ikiwa imekatwa vipande vidogo, maziwa yaliyoharibika, na yale maji ya njano yanayobaki baada ya kuchuja jibini. Mabaki ya ukwaju yanafaa kwa kiasi, maana yameshaingia na asidi yake. Machicha ya nazi yana mafuta. Machache yanaongeza gesi sana, mengi yanaelea na kuganda juu kama kifuniko.

Machungwa yanahitaji maelezo ya peke yake, kwa kuwa Muheza iko jirani na msimu ukiingia kila mtu anakamua machungwa. Nyama ya chungwa haina neno. Ganda ndilo lenye mafuta ya harufu, yale yanayokuchoma jicho ukilibinya, na mafuta hayo huua bakteria wa methani. Mimi sizidishi kilo 1 ya maganda ya machungwa au ndimu katika kila kilo 10 za mchanganyiko, na hata hiyo kilo 1 iwe imeanikwa juani kwanza. Yanayobaki yapeleke kwenye shimo la mboji.

Vingine havifai kabisa. Kokwa za embe hazitoi gesi, zinajaza tangi tu. Maziwa yaliyokataliwa kwa sababu ng'ombe alichomwa sindano ya antibayotiki yatafanya ndani ya mtambo kazi ile ile yaliyofanya ndani ya ng'ombe, yaani kuua bakteria. Na maji ya kuoshea mashine, yenye klorini au soda kali, ndiyo adui mkubwa kuliko wote kwa sababu hayaonekani: mfanyakazi anamwaga ndoo sakafuni jioni, yanafuata mfereji, yanaingia. Tenganisha mifereji miwili tangu mwanzo, mmoja wa mabaki na mwingine wa maji ya dawa, na ule wa pili usikutane na mtambo mahali popote.

Neno moja la kibiashara hapa. Kinacholiwa na ng'ombe, muuzie mwenye ng'ombe. Tanga ni mji wa ng'ombe wa maziwa wa kufungiwa bandani, na machicha ya pombe au maganda ya embe yana mteja. Mabadilishano mazuri ni haya: mfugaji wa Pongwe au Mabokweni anachukua machicha, analeta samadi. Samadi utaihitaji kila siku, na nitaeleza kwa nini.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye dumu

Kabla ya kuchimba, chukua dumu la lita 20 lenye mfuniko unaoziba kweli. Toboa mfuniko, pitisha mpira mwembamba, uunge kwenye tyubu ya gari iliyominywa ikabaki bapa. Jaza lita 15 za samadi mbichi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, funga, weka mahali penye joto. Tyubu itaanza kuvimba. Gesi ya kwanza ni hewa na kaboni dayoksaidi, haiwaki, iachie. Ikishaanza kuwaka, anza kulisha makapi yako yaliyosagwa, gramu 150 kwa siku, basi. Ni kikombe kimoja kidogo, na utaona ni kidogo mno. Vumilia.

Wiki sita za dumu hilo zitakufundisha kuliko fundi yeyote. Tyubu ikivimba kila siku, mchanganyiko wako unafaa. Ikiacha kuvimba na ukifungua dumu ukakutana na harufu kali ya siki, mchanganyiko ni mtamu mno au una kitu kinachoua. Hasara ni dumu moja.

Hatua ya 3: Piga hesabu

Tuchukue kiwanda cha mfano chenye kilo 100 za makapi ya matunda, lita 50 za maji ya jibini na kilo 40 za samadi kwa siku.

Makapi ya kilo 100 yana kilo 15 hivi za vitu vikavu, na kati ya hizo kilo 13.5 ndizo zinazooza. Maji ya jibini yanaongeza kama kilo 2.7, samadi kilo 5. Jumla ni kilo 21 za chakula halisi. Kanuni ya mtambo mdogo usiokorogwa wala kupashwa moto ni kulisha kilo 1 hadi 1.5 ya chakula halisi kwa kila mita 1 ya ujazo kwa siku. Gawanya 21 kwa 1.5: unahitaji nafasi ya mita za ujazo 14 kwa ajili ya tope peke yake. Ongeza nafasi ya gesi, kama mita 5, kwa kuwa gesi inatoka usiku na mchana ilhali jiko linawashwa asubuhi. Jumla inakaribia mita za ujazo 20.

Sasa hesabu ya pili ya kuihakiki ile ya kwanza. Mabaki hayo pamoja na lita 100 za maji ya kuchanganyia ni lita 290 kwa siku. Ndani ya mita 14 zitakaa siku 48 kabla ya kutoka. Kwa joto la Tanga, siku 40 hadi 50 zinatosha. Bakteria hawa hupenda nyuzi 35 hadi 37; hapa pwani ardhi haiwapozi sana, hivyo huhitaji kupasha chochote. Ndugu zetu wa Lushoto hesabu yao ni nyingine. Julai ya kule mtambo unasinzia, na tangi lazima liwe kubwa zaidi.

Utapata gesi kiasi gani? Kitabuni mchanganyiko huo unatoa zaidi ya mita 9 za ujazo kwa siku. Panga kwa 7. Mita 1 ya biogesi ina nguvu ya megajuli 20 na ushei, kwa hiyo mita 7 zinalingana na kilo 3 za gesi ya mtungi: mtungi wa kilo 15 unauokoa kila baada ya siku tano. Kwa kazi ya jikoni, nusu ya joto ikipotea pembeni mwa sufuria, bado unaweza kuchemsha lita 300 za maziwa kutoka joto la kawaida hadi nyuzi 85. Kwa mkaa ingekugharimu kilo 10 hivi kila siku. Weka bei ya leo ya mkaa hapo, zidisha kwa siku zako za kazi, linganisha na bei ya fundi. Hesabu isipolipa ndani ya miaka mitatu minne, acha.

Watu wengi wakifika hapa huuliza umeme. Jenereta ndogo inatoa yuniti 1.5 hadi 2 kwa mita ya ujazo, na joto lililobaki linapotelea hewani. Mita 7 zitakupa yuniti 10 hadi 14. Umeme unataka ukubwa. Mfano tunao mkoani kwetu: pale Hale, Korogwe, kampuni ya Katani ilizindua mwaka 2008 mtambo wa kilowati 150 uliojengwa kutumia mabaki ya mkonge. Lakini shamba la mkonge linapata uzi usiozidi asilimia 4 hivi ya uzito wa jani, lililobaki lote ni taka, na zinatoka kwa tani. Wewe mwenye mapipa matatu, tumia joto.

Hatua ya 4: Chagua aina ya mtambo na mahali

Kuna aina tatu zinazojengeka kirahisi. Ya kwanza ni kuba la tofali chini ya ardhi. Michoro ya CAMARTEC, kituo cha taifa cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, inafahamika kwa mafundi wengi, hasa tangu programu ya taifa ya biogesi ya majumbani ilipoanza mwaka 2009. Ya pili ni tangi lenye pipa linaloelea juu, linalopanda gesi ikijaa. Ya tatu ni mfuko mkubwa wa turubai la plastiki uliolazwa kwenye mtaro.

Kwa pwani ningeanza kwa kuondoa pipa la chuma. Hewa ya bahari inalila nje, gesi inalila ndani. Ukipenda aina ya kuelea, tumia simtanki mbili, ndogo ikipinduliwa ndani ya kubwa, lakini kwa mita 20 zitakuwa nyingi mno.

Kuba ni zuri na linadumu miaka, kwa masharti. Chimba kwanza shimo la majaribio. Ukielekea Sahare au sehemu za bondeni karibu na mikoko, maji ya chini yako juu na msimu wa masika yatalisukuma kuba tupu kutoka chini hadi lipasuke. Ukielekea upande wa mawe ya matumbawe, utalipa kuchimba kuliko kujenga. Penye maji au mwamba, chukua mfuko, uuzungushie ukuta wa tofali na paa jepesi la makuti dhidi ya jua, maana jua ndilo linaloua plastiki. Mchanga wa zege usiwe wa baharini. Chumvi yake italegeza lipu na kula nondo. Lipu ya ndani ya kuba ipigwe tabaka kadhaa, ya mwisho ikiwa ya saruji tupu iliyopakwa kwa brashi. Gesi inapita kwenye ufa ambao maji hayapiti.

Na ushauri ambao fundi hataupenda: jenga viwili vya mita 10 badala ya kimoja cha 20. Gharama inapanda. Lakini kimoja kikiharibika tumboni, cha pili kinabaki na bakteria wazima wa kukitibu, na msimu mabaki yakipungua unalisha kimoja tu.

Mahali pawe karibu na mlango wa mabaki, maana kila hatua ya kubeba ndoo ni sababu ya mfanyakazi kumwaga pembeni. Paache mita 15 au zaidi kutoka kisimani. Usijenge chini ya mwembe, mizizi itaingia. Kiwanda kilichosajiliwa kiulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, na ofisi ya mazingira ya Jiji kabla ya kuchimba.

Hatua ya 5: Kuanzisha

Jaza mtambo theluthi mbili kwa samadi mbichi na maji nusu kwa nusu. Samadi ya leo au jana, iliyokauka haina walio hai wa kutosha. Kwa kila mtambo wa mita 10, yaani mita 7 za tope, ni samadi tani tatu na zaidi kidogo. Zungumza na wafugaji mapema, zitaletwa kwa guta kwa siku kadhaa. Ukimpata jirani mwenye mtambo unaowaka, mwombe madumu machache ya tope lake, ni mbegu bora kuliko samadi.

Usiweke makapi hata kilo 1 katika kipindi hiki. Subiri wiki mbili hadi nne. Achia gesi ya mwanzo mara kadhaa. Jaribu moto jikoni tu, kwenye jiko, kamwe usiwashe kiberiti kwenye mdomo wa mtambo au wa bomba: gesi iliyochanganyika na hewa bombani inaweza kurudisha moto ndani. Ukishapata mwali wa bluu unaosimama wenyewe, anza makapi kwa robo ya kiasi ulichopanga. Ongeza robo nyingine kila wiki mradi moto haujalegea. Mtambo mchanga ni kama mtoto anayeachishwa ziwa.

Hatua ya 6: Kulisha kila siku

Hapa ndipo mitambo mingi inapokufa.

Saga kwanza. Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, inayopatikana kwa mfugaji yeyote mwenye nafasi, inatosha. Vipande visizidi sentimita 2. Changanya makapi, maji ya jibini na samadi kwenye karo la kuingizia, ongeza maji hadi uji uwe wa kumiminika. Nusu ya maji hayo yanaweza kuwa tope jepesi linalotoka upande wa pili wa mtambo. Linaokoa maji, na lina ule uchungu wa magadi unaopoza asidi. Usilitumie peke yake siku zote, chumvi itajikusanya.

Lisha mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kiasi sawa. Samadi isikose. Mabaki ya matunda yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo. Bakteria hutaka uwiano wa 20 hadi 30 kwa 1. Samadi inaleta naitrojeni na, zaidi ya hapo, inaleta bakteria wapya kila asubuhi. Samadi ikiadimika, matumbo ya samaki kutoka soko la Deep Sea yanaweza kushika nafasi kwa sehemu, kilo 5 hivi kwa kilo 100 za makapi, yakiwa yameoshwa kwa maji baridi yasiyo ya bahari. Yakizidi, naitrojeni inageuka amonia, nayo ni sumu, na shombo majirani watakueleza.

Tatizo kubwa ni Jumatatu. Kiwanda kimefungwa Jumapili, pipa la Jumamosi limeachwa nje, kijana anafika asubuhi anaona aibu ya harufu. "Dada, nimemwaga yote, yalikuwa yananuka." Kwa siku moja mtambo umekula chakula cha siku tatu, tena kilichokwisha kuchacha. Jumatano moto unakuwa wa njano na kurukaruka, Ijumaa umezimika. Dawa ni kumpa mlinzi kazi ya kulisha Jumapili, na kuweka alama ya rangi kwenye ndoo isiyovukwa hata pipa likiwa limejaa. Yaliyozidi yapelekwe kwenye mboji, au yashindiliwe kwenye pipa linalozibwa hewa yasubiri siku za uhaba.

Ramadhani nayo ina mahesabu yake. Juisi inauzwa maradufu kuelekea futari, mabaki yanaongezeka ghafla ndani ya siku mbili. Anza kuongeza chakula wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, kidogo kidogo.

Kila siku angalia vitu vitatu: rangi ya moto, harufu ya tope linalotoka, na pH, yaani kipimo cha asidi, ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Karatasi za kupimia pH zinauzwa maduka ya vifaa vya maabara na ni rahisi. Tope zima ni jeusi au kahawia iliyoiva, lina viputo vidogo vidogo, harufu yake ni ya udongo wa shambani. pH ikae kati ya 6.8 na 7.5. Ikishuka hadi 6.6, punguza makapi nusu siku hiyo hiyo, usisubiri. Ikishuka chini ya 6.5 na tope likinuka siki, acha makapi kabisa, endelea na samadi kidogo tu. Chokaa iliyozimwa, ambayo Tanga haikosekani, inasaidia: kwa tangi la mita 7, koroga nusu kilo kwenye ndoo ya maji, mimina, pima kesho yake, rudia ikibidi. Usimwage mfuko mzima kwa hasira. Chokaa nyingi kwa mpigo inafyonza kaboni dayoksaidi ndani ya kuba hadi hewa ya nje ivutwe kuingia. Kisha chukua tope kutoka mtambo wa pili, ule niliokushauri ujenge, mimina madumu kumi. Rudi kwenye makapi pale tu moto wa bluu utakaposimama siku tano mfululizo.

Hatua ya 7: Kupeleka gesi jikoni

Bomba liwe na mteremko, sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea sehemu moja ya chini kabisa yenye mtego wa maji. Biogesi inatoka na mvuke. Mvuke unapoa bombani na kuwa maji, maji yakijikusanya jiko linaanza kupumua, linawaka na kufifia, linawaka na kufifia. Ukiona hivyo usimwite fundi, fungua mtego. Kila kiungo kipake povu la sabuni. Kipovu kikikua, kinavuja.

Kipimo cha msukumo kitengeneze kwa mpira mweupe uliopindwa umbo la U na kutiwa maji ya rangi, ukafungwa ukutani jikoni. Mpishi akiutazama anajua kama gesi inatosha kuchemsha pipa la pili.

Gesi hii ina haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai bovu. Inakula sufuria, koki na mapafu. Jaza kipande cha bomba la inchi 4 kwa vinyweleo vya chuma kutoka kwa fundi wa kukereza, uviache vishike kutu kwanza, gesi ipite humo. Vikigeuka vyeusi, toa nje, vilowanishe, vitandaze hewani mbali na kitu kinachoshika moto, kwa sababu hupata joto vikikutana na hewa. Vitarudi kuwa vyekundu na kufanya kazi tena. Ukilisha samaki au maziwa mengi utavibadilisha mara nyingi zaidi.

Jiko la mtungi halifai kama lilivyo. Tundu la sindano yake ni dogo kwa biogesi. Nunua jiko la biogesi, au fundi alitoboe zaidi na kupunguza hewa hadi mwali ukae bluu usioruka.

Katika usalama sina mzaha. Mtu asiingie ndani ya mtambo, hata ukiwa mtupu, hata kwa dakika moja kuokota ndoo. Haidrojeni salfaidi ikiwa nyingi inaua uwezo wa kunusa kwanza, kwa hiyo aliye ndani anadhani hewa imesafika. Methani ikiwa asilimia 5 hadi 15 ya hewa inalipuka kwa cheche. Jikoni pawe na madirisha ya juu. Harufu ya yai bovu asubuhi: fungua milango, usiguse swichi, funga koki kuu.

Hatua ya 8: Tope

Lita 290 zinaingia, karibu lita 290 zinatoka, kila siku. Wengi hulikumbuka hili mtambo ukishajengwa. Usilielekeze kwenye mtaro wa mvua; mitaro ya mji huu inaishia baharini, kwenye mikoko na kwa wavuvi. Jenga karo lenye kivuli la kukaa tope la wiki moja, lililofunikwa, kwa sababu naitrojeni inapaa likiachwa juani.

Mteja wa kwanza ni yule yule mfugaji aliyekuletea samadi: matete yake yatalipenda, na guta lake halitarudi tupu. Migomba na minazi pia. Kwenye mchicha na mboga zinazoliwa mbichi, liweke ardhini kabla ya kupanda, siyo juu ya majani, maana joto la mtambo huu haliui vijidudu vyote. Likichujwa kwenye gunia na makapi yake yakaanikwa, yanakuwa mbolea kavu ya kuuza kwa debe.